Kigoda Kisikuzuie, Elifuraha

Dar es Salaam,
Jumatano asubuhi.

Mdogo wangu mpenzi Elifuraha, Mama Gladness,

Najua kabla hujakaa vizuri na kutafuta miwani, mdomo wako umeshaiambia karatasi hii "shikamoo kaka." Marahaba, mdogo wangu, marahaba sana. Habari za hapo Akheri? Mguu uliokusumbua wakati wa kuchuma kahawa umetulia? Ng'ombe mweusi amezaa au bado anatuchezea? Na mvua je, imeshuka mpaka kwetu, au imeishia kule msituni kama kawaida yake? Mimi huku naendelea. Neno hilo nimelichagua kwa makini, maana "sijambo" lingekuwa uongo, na "naumwa" lingekufanya uiweke barua chini uanze kulia, nami nataka uisome mpaka mwisho.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Nikikupigia unacheka, unaniuliza habari za joto la Dar es Salaam, halafu unasema, "Ngoja nikupe Penieli," na mimi nabaki nazungumza na ndugu yetu habari za mbolea. Tena nataka neno langu lisomwe mbele ya watu wote wa nyumba, kwa mwandiko wangu wanaoujua, asije mtu akasema mtandao ulikatika. Barua nitampa mama mmoja wa hapo Akheri aliyekuja kumtazama binti yake. Anapanda basi kesho, atamkabidhi Gladness wako pale Levolosi, Arusha mjini, naye ataileta mwenyewe.

Kwanza nikueleze ninavyoishi. Neema binti yangu amenipa chumba kizuri, ghorofa ya tatu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani na tanki jeusi la maji. Nikisogeza shingo sana naona kipande cha mbingu, lakini ni mbingu isiyo na mlima, na mtu aliyezaliwa chini ya Meru hajui aelekeze macho wapi asubuhi. Neema hutoka alfajiri kwenda kazini. Wajukuu wakirudi kutoka shuleni hunisalimia wakiwa mlangoni, mkono mmoja umeziba mdomo, kama watu wanaomsalimia mfungwa. Mgeni akija anaulizwa kwanza kama ana mafua. Penieli alinitumia maziwa mgando katika kibuyu, yalisafiri na basi mchana kutwa, na Neema hakuniruhusu hata kuonja. Akayachemsha! Umewahi kuona maziwa mgando yaliyochemshwa? Yalikatika yakawa maji na mabonge. Nilikaa nikayatazama kama msiba. "Baba," akasema, "daktari amekataza maziwa yasiyochemshwa." Nikamwambia haya sasa si maziwa wala si dawa, ni ushahidi tu kwamba yalikuwepo.

Kwa nini nimefungiwa hivi, nitakueleza. Lakini lazima nianze na jambo ambalo nyumbani mnalisema nusu. Mnasema kaka anaumwa kifua. Watu wakisikia kifua wanafikiri mapafu, na mimi niliwaacha wafikiri hivyo. Sasa ninaposema barua hii isomwe mbele ya watu, isomwe na hili: ninaumwa saratani ya titi. Titi la kushoto. Mwanamume naye anayo matiti, madogo, yasiyo na kazi, lakini yapo, na ugonjwa huu humpata mara chache sana. Uliponipata mimi haukukosea njia.

Siku ya kwanza kliniki nilikaa kwenye benchi kati ya akina mama. Karani akasoma jina langu kwenye faili, akaita kwa sauti, "Mama Elisaria!" Nikasimama. Akanitazama, akaangalia faili, akaita tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba huyo mama yuko nyuma yangu. Mama mmoja wa Lindi, anaitwa Mama Somoe, akaniuliza, "Baba, wewe umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe," nikamwambia.

Benchi zima likanigeukia. Halafu Mama Somoe akasogea, akanipa nafasi. "Basi kaa, mwalimu." Hakuwa ameambiwa kwamba mimi ni mwalimu mstaafu. Sijui walimu tunanukia nini. "Lakini nieleze. Sisi yetu yamenyonyesha. Lako wewe lilikuwa la nini?"

"La mapambo," nikasema.

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Tangu siku hiyo Mama Somoe amejifanya mtani wangu. Nikikosa kliniki ananipigia simu: "Mwalimu, umewekwa ndani kama mwali, tutakutoa lini tukucheze?" Ni mgonjwa kunishinda, lakini sijapata kusikia akilalamika, isipokuwa juu ya chai ya hospitali.

Sasa nisikilize vizuri, maana nitafundisha kidogo. Unajua siwezi kujizuia, na safari hii sifundishi kwa ajili ya mtihani.

Unaujua mfereji wetu, ule unaotoka juu na kupita nyuma ya migomba ya Penieli. Maji yapo siku zote, lakini hayaingii shambani kwako mpaka zamu yako ifike. Pale yanapogawanyika pamezibwa kwa kipande cha mgomba, majani na udongo. Zamu ikifika, mtu anakwenda na jembe, anatoa kizibo, maji yanapita. Zamu ikiisha anarudisha kizibo na kwenda zake. Kama hakuna anayerudisha kizibo, shamba la chini linaoza na la juu linakauka.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo ambavyo jicho tupu halivioni. Seli moja hugawanyika zikawa mbili, ndiyo maana kidonda hufunga na nywele hukua. Lakini kabla haijagawanyika, lazima inakili maandishi yake yote ya urithi, ikague nakala hiyo, ndipo ijipasue. Safari hiyo tunaiita mzunguko wa seli. Njiani kuna milango, na wenye kufungua na kufunga milango hiyo ni protini.

Iko protini iliyo kama kizibo. Wataalamu wameipa herufi mbili, RB. Ikikaa mahali pake, seli hainakili kitu. Iko nyingine iliyo kama jembe, inaitwa CDK. Jembe hili limo ndani ya seli wakati wote, limeegemezwa ukutani, peke yake halichimbi. Kisha kuna mkono. Huo ni saiklini, na tabia yake ni kuja na kuondoka: hutengenezwa wakati wa zamu, kazi ikiisha huvunjwavunjwa. Mkono ukishika jembe, kizibo kinatoka na seli inaanza kujigawa. Tena yuko msimamizi, p53. Akiona ukingo umebomoka, yaani maandishi ya urithi yameharibika, husimamisha kazi mpaka parekebishwe, na kama hapafai tena, huiamuru seli hiyo ife. Watu wengi wanashangaa kusikia kwamba ndani ya mwili mzima kuna amri za kufa zinazotolewa kila siku, na kwamba ndizo zinazotuweka hai.

Ugonjwa wangu, Elifuraha, ni mkono usioondoka. Homoni zinauita, hata sisi wanaume tunayo kidogo homoni ya kike, nao unakuja bila zamu, unakuja mwingi, umeshika jembe, na kizibo hakikai. Seli inagawanyika, na watoto wake wanagawanyika, na hakuna anayeuliza zamu ni ya nani. Zangu zilipojulikana zilikwisha kutoka titini zikafika kwenye mifupa ya mgongo. Kwa hiyo hakuna kisu kitakachozimaliza. Kuna vidonge. Kimoja kinazuia sauti ya homoni. Kingine, kipya, kinalikamata jembe lenyewe, lisichimbe hata mkono ukilishika. Naipata dawa hiyo hapa kwa mpango wa hospitali hii, na damu yangu lazima ipimwe hapa hapa kabla sijapewa nyingine. Inanisaidia. Maumivu ya mgongo yamepungua, napanda ngazi mwenyewe.

Lakini hapo ndipo nilipofungwa. Jembe lile lile linatumiwa na uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyeupe za damu, hizo askari wanaopigana na vijidudu. Ukilikamata jembe kwenye uvimbe, umelikamata na kwenye uboho. Askari wangu wamekuwa wachache. Mwezi uliopita mafua ya mjukuu yalinilaza hospitalini kwa homa, Neema akafikiri ndiyo kwaheri. Tangu hapo daktari amesema: si kanisani, si sokoni, si msibani, na basi la kwenda Arusha, watu wamebanana mchana kutwa, nisilitaje kabisa. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Mzee, tutaangalia damu." Kila nikienda tunaangalia damu. Dawa inayonipa maisha ndiyo iliyoufunga mlango, na siwezi kuukasirikia mlango bila kuikasirikia dawa.

Daktari huyu ni mama mdogo kwa umri, mpole, hapendi maneno mengi. Siku moja aliacha kuandika akaniuliza, "Mzee, una dada?"

"Ninaye mmoja."

"Na shangazi?"

Nikamweleza habari za shangazi yetu, yule aliyekufa na kidonda kifuani, ambacho nyumbani walisema ni jicho la jirani. Aliweka kalamu chini. Akaniambia kwamba katika mwili kuna protini nyingine, mafundi wa kukarabati maandishi ya urithi yakichanika, na kwamba kuna watu huzaliwa na fundi mbovu, waliyemrithi kwa baba au kwa mama. Mwanamume akipata ugonjwa huu, ndilo jambo la kwanza la kufikiria. "Sijasema ndivyo ilivyo kwenu," akasema. "Nimesema dada apimwe. Hata kama hana kitu."

Nilirudi nyumbani nikipanga namna ya kukuambia bila kukutisha. Nilikuwa bado napanga Gladness aliponipigia.

"Mjomba, shikamoo. Mjomba, mama ana kitu."

"Kitu gani?"

"Kwenye titi. Kama punje ya kahawa mbichi, lakini ngumu, haisogei. Amekijua tangu kabla ya mavuno. Mimi nimekiona juzi tu nilipomsaidia kuoga, ule mguu ulipomuuma."

"Anasema nini?"

"Anasema hakimuumi."

Mdogo wangu, hakikuumi ndiyo habari inayoninyima usingizi. Jipu huuma. Uvimbe wa maziwa huuma. Hiki kinyamavu ndicho cha kutazamwa. Sikuambii ni saratani. Vivimbe vingi vya titi si saratani, na chako huenda kikawa kimoja cha hivyo, ukarudi nyumbani unatucheka wote. Lakini hakuna anayejua kwa kukitazama, wala kwa kukiombea, wala kwa kukaa nacho. Kuna kupima tu.

Nikampigia Penieli siku ile ile. Nikamwambia ampeleke dada yake mjini, hospitali ile nilikopimwa mimi. Akanijibu kwa upole, unamjua Penieli: "Kaka, tumeshakaa na Baba Mdogo. Tumekubaliana tukusubiri."

"Mnisubiri nifanye nini?"

"Ukae, kaka. Wanasema akipimwa huenda akakatwa. Mtu wa nyumba hii haendi kukatwa kabla mkubwa hajakaa."

Jambo hilo nalijua na nalipenda. Kwa ajili ya wakwe na wajukuu watakaosikia barua hii, nitalieleza. Katika nyumba yetu mtu akitaka kuingia chini ya kisu, mzaliwa wa kwanza hukaa kwenye kigoda cha baba, watu wote wakiwa wamezunguka, na huuliza kila mmoja: una kinyongo na huyu? Mwenye nacho anakisema, kinamalizwa palepale, kisha tunaomba, na mgonjwa anakwenda na moyo mweupe. Nilimkalia Penieli alipopasuliwa tumbo. Mke wake alisema mbele ya watu kwamba mumewe alimuuza mbuzi wa mkewe bila kumwambia, na Penieli, huku akijipinda kwa maumivu, akaomba radhi ya mbuzi. Ni desturi njema. Sijawahi kuona hospitali yenye kitu kinachofanana nayo.

Nikasema basi, nikae kwa simu. Wekeni simu juu ya kigoda, mfungue sauti, nitauliza kila mtu. Penieli akaenda kwa Baba Mdogo, akarudi.

"Amesema simu haikai kwenye kigoda."

"Amesema hivyo?"

"Amesema pia kwamba simu ikiisha chaji katikati ya kinyongo, nani atakimaliza?"

Nilicheka, Elifuraha, nikiwa nimekasirika. Nikamwambia, "Basi kaa wewe."

Halafu akasema taratibu, "Kaka, nikae mahali pako nawe unapumua? Watu watasema nini? Mungu atasema nini? Nitakuwa nimekuzika." Akakata simu. Penieli hajawahi kunikatia simu maisha yake yote.

Nikakaa na ukuta wangu na tanki langu. Kama nisipokuja, huendi. Kama nikija, huenda nikaletwa nikiwa siwezi kuuliza mtu kinyongo. Na wewe, kwa mujibu wa Gladness, unasema huna haraka, kaka ataamua, na kwamba kama mwalimu mwenyewe hajapona, wewe ukafanye nini huko. Kila mmoja wetu amemwekea mwenzake kizuizi kwa heshima tupu. Hakuna mkorofi hata mmoja katika jambo hili, na ndiyo maana halina mlango.

Jumamosi nilijaribu kutoroka. Usicheke. Neema alikwenda dukani, wajukuu walikuwa wanatazama televisheni. Nikavaa viatu, nikajifunika barakoa, nikachukua mfuko wenye dawa, nikashuka ngazi polepole, nimeshika ukuta. Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani: teksi mpaka stendi, kiti cha dirishani, nishuke Usa River, Penieli anipokee. Getini nikakutana na Neema, mikono imejaa nyanya.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Na koti la baridi? Dar es Salaam hii?"

Ndiyo, mdogo wangu. Nilikuwa nimevaa lile koti zito la kijivu, kwa sababu nilikuwa nafikiria ubaridi wa Akheri jioni nitakapofika. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye viatu. Mlinzi wa geti akageuza uso asicheke. Neema hakucheka. Aliweka nyanya chini pale pale kwenye vumbi, akanishika mkono, akasema, "Baba, nikikupoteza wewe na shangazi mwaka mmoja, nitabaki na nani?" Nikarudi juu. Ngazi za kupanda zilikuwa nyingi kuliko za kushuka.

Tangu Jumamosi nimefikiri, na nimefika mwisho. Ninayoyasema kuanzia hapa yasomwe polepole, na watu wakiwa wamekaa.

Baba Mdogo, shikamoo. Najua unanisikia kwa sikio la kulia, kwa hiyo Gladness akae upande huo. Baba, wewe ndiwe uliyetufundisha desturi hii, na sitaki kuivunja. Lakini nakuuliza kama mwanao: kigoda kiliwekwa kwa ajili gani? Nijuavyo mimi, kiliwekwa ili mtu wa nyumba hii asiende hospitali na kinyongo. Hakikuwekwa ili asiende. Zile seli nilizozieleza huko juu, kama zimo kwa Elifuraha, hazijui kwamba tunasubiri. Hazimwogopi mkubwa. Zinapojigawa hazihesabu kikao kilichoahirishwa. Ugonjwa huu ukikutwa ungali titini unaondolewa, na watu wanazeeka baada yake. Ukikutwa umeshahama, unakuwa kama wangu, wa kuzuiwa kwa vidonge na kuangaliwa damu. Tofauti ya hayo mawili ni muda, na muda ndio tunaoutumia kuheshimiana.

Umesema simu haikai kwenye kigoda. Umesema kweli. Barua nayo haikai. Anakaa mtu.

Penieli, mdogo wangu. Uliniambia huwezi kukaa mahali pangu nikiwa napumua. Nimekusikia, na hukukosea. Mahali pa mtu hapakaliwi. Kwa hiyo siyo pangu tena. Mimi Elisaria, mzaliwa wa kwanza wa baba yetu, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa, nakuachia kigoda. Sikukopeshi mpaka nipone. Ningekukopesha, Baba Mdogo angesema tunacheza, na ungekaa kwa woga, nusu umekaa nusu umesimama. Nakuachia moja kwa moja. Mungu akinijalia kurudi Akheri, nitakaa kwenye benchi na wengine, na siku yangu ikifika wewe ndiwe utakayeuliza nani ana kinyongo nami. Najua kwetu jambo hili hufanywa mtu akishakufa. Sijafa. Nimeamua kulifanya mapema, kwa sababu ninaye dada mmoja.

Nitasema ukweli, kwamba imenigharimu. Nilitaka kukikalia tena. Nilikuwa nakiona kila nikifumba macho, pale karibu na mlango wa nyuma. Basi.

Kaa, Penieli. Kaa Jumapili hii mkitoka kanisani. Usingoje mtu mwingine kutoka mbali.

Na ukifika kwenye jina langu, kwa kuwa sipo, zamu yangu ya kusema ni hii: sina kinyongo na Elifuraha, isipokuwa kwamba nikimpigia simu ananiuliza habari za joto. Akiniahidi kuacha, nimemaliza.

Sasa wewe, mdogo wangu. Jumatatu asubuhi Gladness atakuwa amelala hapo kwako. Mtashuka naye mpaka Usa River, mtapanda gari la mjini. Vaa blauzi yenye vifungo mbele, usivae gauni la kuvulia kichwani, maana utavua mara nyingi. Daktari atakugusa titi na kwapa. Usione haya, ndiyo kazi yake. Watakupiga picha ya altrasaundi, haiumi, wanapaka kitu cha baridi tu. Halafu huenda wakachukua kinyama kidogo kwa sindano, baada ya ganzi. Utasikia kubanwa. Kukatwa bado ni mbali, na huenda kusiwepo kabisa. Waambie wazi: "Kaka yangu mwanamume ana saratani ya titi, na shangazi yetu alikuwa na kidonda kifuani." Usiseme kifua kinaumwa. Sema titi. Maneno hayo yatawafanya wakusikilize kwa namna nyingine. Mkichelewa, lala kwa Gladness Levolosi, usikimbilie kurudi kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe atakamuliwa na mke wa Penieli, nimeshaongea naye, amekubali, na amesema hatakuuzia mbuzi ukiwa hupo.

Ulimwambia Gladness kwamba kama mwalimu hajapona, wewe ukafanye nini. Jibu ni kwamba mwalimu alikwenda kupimwa akiwa ameshafika mwisho wa mtaa wa ugonjwa huu. Wewe bado uko mwanzo, au pengine hata mtaani hujaingia. Nenda ukajue. Majibu yoyote yatakayokuja, nipigie mwenyewe, kwa mdomo wako, usimpe mtu simu. Nitakuwa nimekaa hapa. Unajua siwezi kwenda popote.

Nisalimie Baba Mdogo kwa heshima yake yote, na mwambie sijamkosea adabu, nimemfuata tu alikoniongoza. Nisalimie Penieli na mkewe aliye mlinzi wa mbuzi. Nisalimie mchungaji, na akinitaja kwenye maombi aseme ugonjwa kwa jina lake, huenda yuko mwanamume mwingine kwenye benchi za nyuma aliyeshika kitu kifuani na kunyamaza. Nisalimie shemeji zangu wa upande wa marehemu mumeo. Neema anakusalimu, na wajukuu wanakusalimu wakiwa mlangoni. Mama Somoe, ambaye hamfahamiani, amesema nikuandikie hivi: "Mwambie dada mtu aende, asiwe mkaidi kama kaka yake mwenye koti."

Mungu akutangulie kwenye barabara ya Jumatatu, na akae nawe kwenye benchi ya kusubiri.

Na watu wa Akheri wakikuuliza imekuwaje Penieli amekaa kwenye kigoda nami ningali hai, waambie kaka yako hajafa. Amestaafu mara ya pili.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Elisaria